Unga wa kugandishwa wa supamaketi kwa skonzi za kitunguu saumu: nunua, ila chungulia friza kwanza

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Ule unga uliokandwa tayari unaouzwa kwenye friza za supamaketi hapa Kampala, ile mifuko ya kilo moja yenye madonge manne ndani, kwa skonzi za kitunguu saumu ni kitu safi kabisa, kwa pizza ni hivyo hivyo tu, na kwa mkate wa chai ya asubuhi usijisumbue, mkate haujaadimika mjini. Ila uzuri wake wote unategemea friza ya duka. Mfuko ule ule, jina lile lile, ukiuchukua duka hili unapata skonzi laini zinazotoa mvuke ukizipasua, ukiuchukua duka la ng'ambo ya barabara unapata vitu bapa, vigumu, vyenye harufu ya pombe. Ndiyo maana nusu ya rivyu hii ni ya unga na nusu ni ya friza, mnivumilie.

Bei kwanza. Mfuko mara ya mwisho nimeuchukua kwa 14,500, kwingine wanauza hadi 16,000 na kitu, inategemea uko upande gani wa mji na kama hilo duka lina paking ya kulipia. Kila donge ni gramu 250, nililiweka kwenye mizani ya jikoni maana siku hizi mtu haaminiki, na kweli hawaibi. Donge moja linatoa skonzi sita za wastani, mfuko mzima skonzi 24, kwa hiyo unga peke yake ni kama shilingi 600 kwa skonzi. Weka siagi ya kweli na kitunguu saumu unafika kwenye 1,400 hivi. Ukitumia Blue Band inashuka, lakini hilo tutaongea. Sasa linganisha na migahawa ya pizza, sahani ya vipande vinne vya mkate mkavu uliopakwa kitu cha njano wanakuchaji elfu kumi na zaidi na unakula vimeshapoa.

Tuseme ukweli pia, ukikanda mwenyewe nyumbani bei ni nafuu kuliko hapo mara nyingi. Kilo moja ya ngano ukiweka maji yake inakupa zaidi ya kilo moja na nusu ya unga uliokandwa, na hamira pakiti moja ndogo haifilisi mtu. Kwa hiyo hapa hulipii ngano. Unalipia ule muda wa kukanda, kusubiri, kuosha beseni na kukwangua meza, na mi kwa mtu anayefika nyumbani saa moja usiku akitoka kwenye jam ya Jinja Road naona hiyo pesa ni halali kabisa. Mama mkwe wangu haoni hivyo, anasema unga wa dukani ni uvivu uliofungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki), lakini skonzi zikitoka huwa hasusi.

Nyuma ya mfuko wameandika kwa herufi ndogo mpaka nikawasha tochi ya simu: ngano, maji, mafuta, sukari, chumvi, hamira, E300. Hiyo E300 isiwatishe, ni vitamini C tu, waokaji wanaiweka ili unga ukaze na usianguke ukiumuka. Hakuna kingine cha ajabu. Sukari ipo, na utaisikia, unga una utamu kidogo kama mikate yetu mingi ya huku. Kwa pizza huo utamu mi unanikera. Kwenye skonzi ya kitunguu saumu sasa mambo yanageuka, ule utamu mdogo pamoja na chumvi ya siagi na ukali wa kitunguu vinapatana vizuri sana, na ndio sababu nasema bidhaa hii kazi yake ni hii. Sijui kama wenyewe walioutengeneza wanajua, maana picha kwenye mfuko ni pizza.

Haya, friza. Ukiugandisha unga wenye hamira, hamira nyingi inalala tu, ila kiasi fulani inakufa, na ile iliyokufa inaachia kitu kinacholegeza unga. Mara moja si neno, ndivyo ulivyotengenezwa. Shida inakuja unapoyeyuka na kuganda tena, kuyeyuka na kuganda tena. Kila mzunguko hamira inapungua, unga unalegea, barafu ndani inakuwa vipande vikubwa vinavyokatakata zile nyuzi zinazoshika hewa. Mwisho wa siku unapeleka nyumbani donge ambalo kwa macho ni zima kumbe ndani lilishachoka. Na huku kwetu stima ikikatika halafu jenereta ichelewe, au mzigo ushushwe kwenye jua la saa nane, hiyo mizunguko inatokea bila mtu kuandika popote.

Kuna supamaketi moja, jina naliacha, niliingia mchana nikakuta katoni za huu unga zimepangwa sakafuni mbele ya friza, zinatoka jasho kabisa, maji yametengeneza kidimbwi hapo chini, na kijana wa kupanga yuko upande wa soda anapiga stori. Nikamwita, "Kijana wangu, hizi zinayeyuka huku." Akaja bila haraka, akabonyeza moja kwa kidole, kidole kikazama. Akaniambia, "Usijali mama, zinarudi ndani saa hii, zitaganda tena." Banange! Zitaganda tena ndiyo ugonjwa wenyewe! Nilimuuliza meneja yuko wapi, nikaambiwa ametoka kidogo, huyo meneja wa "ametoka kidogo" yuko kila duka Uganda hii. Nikaondoka na nyanya zangu tu. Na jirani yangu alinunua unga pale wiki hiyo hiyo, akaja kunilaumu mimi ati nilimsifia unga mbovu.

Kwa hiyo kabla hujaweka mfuko kwenye kikapu, ushike. Madonge yawe yameachana, yanagongana ndani kama mawe ukitikisa. Yakiwa yameshikana pamoja kuwa bonge moja, yaliyeyuka yakagandana, rudisha. Ukiona theluji nyeupe nyingi imejaa ndani ya mfuko, rudisha pia, hiyo ni maji yaliyotoka kwenye unga. Donge liwe na umbo la mviringo, si bapa upande mmoja, maana lililobapa lililegea likalala kisha likaganda limelala. Chukua wa chini kabisa au wa nyuma, si ule wa juu karibu na mlango ambao kila mtu anaushika akiuliza bei. Tarehe ni muhimu lakini mi tarehe naiweka ya mwisho, mfuko wenye tarehe nzuri uliokaa juani hauna faida kuliko wa zamani kidogo ambao haujawahi kutoka kwenye baridi. Na uuchukue mwisho wa manunuzi yako, uulaze katikati ya kuku wa kugandishwa au kitu chochote cha baridi, funga na gazeti, mwambie mtu wa boda aende moja kwa moja. Mfuko hauna zipu ya kufunga tena, hiyo ni kasoro ya kijinga kwa bidhaa ya bei hii, ukishaufungua lazima ukaze na raba bendi na kuuingiza kwenye kavera nyingine la sivyo madonge yanayobaki yanakauka ngozi.

Sasa upishi. Maelezo ya kwenye mfuko yanasema uyeyushe kwenye friji usiku kucha halafu uache uumuke dakika 90. Usiku kucha kwenye friji sawa, ndiyo njia bora, paka donge mafuta kidogo, weka kwenye bakuli lenye nafasi, funika, asubuhi au jioni yake liko tayari. Ukisahau, liache mezani limefunikwa, kwa joto la Kampala masaa mawili matatu linatosha. Usiliweke juani na usilitie kwenye maji ya moto, nje linaanza kuumuka wakati ndani bado ni barafu.

Lakini hizo dakika 90 za kuumuka, hapana. Huku tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar, gesi ya hamira inatanuka haraka, ukichanganya na joto la jikoni unga unafika juu mapema halafu unaanguka. Mi naanza kuangalia kwenye dakika 40. Wa Kabale nyinyi mko juu zaidi yetu lakini baridi yenu inaipunguza hamira kasi, kwa hiyo saa haiwasaidii, tumieni kidole. Unabonyeza taratibu ubavuni, shimo likirudi polepole na kuacha alama kidogo, iko tayari. Likiruka kurudi haraka, bado. Likibaki vile vile bila kurudi, umechelewa, oka sasa hivi na usitegemee miujiza.

Kitunguu saumu. Hapa ndipo watu wanabania halafu wanalalamika unga hauna ladha. Sokoni utakuta kile kikubwa cheupe cha kutoka nje, Nakasero kimejaa, ni rahisi kumenya na hakina makeke. Na kuna kile kidogo cha kienyeji chenye ngozi ya zambarau, kumenya kwake ni adhabu, punje zenyewe nyembamba, lakini kimoja kinafanya kazi ya viwili. Mi nachukua cha kienyeji, punje saba nane kwa donge moja, kile cheupe ungeweka hata kumi. Ponda kwenye kinu na chumvi kidogo mpaka kiwe uji, chumvi inasaidia kusaga na inazuia kurukaruka. Halafu kiache dakika kumi kabla hujakigusisha kitu cha moto. Punje nzima haina ule ukali, ukali unatokea ukiivunja, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani vinakutana na kutengeneza ile harufu, na moto unaizima hiyo kazi. Kwa hiyo ukikimbilia kukikaanga umejidhulumu.

Siagi iwe laini ya kupakika, usiyeyushe. Iliyoyeyuka inachuruzika yote chini ya trei, skonzi zinakaangika chini na juu zinabaki na njaa. Gramu 70 kwa donge moja, na ndiyo, ni nyingi, hii si chakula cha diet. Changanya na kitunguu kilichopondwa, dania iliyokatwa ndogo ndogo, pilipili manga ukipenda. Majarini inafanya kazi, watoto hawajui tofauti, ila haina ile harufu ya maziwa na mi naona inaacha kitu mdomoni. Kama siagi ni ghali kwako jaribu samli, ile ya Ankole wanayotengenezea eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli. Haina maji, haiungui haraka, na harufu yake na kitunguu saumu, wee! Punguza tu kiasi, gramu 50 zinatosha, na ongeza chumvi maana yenyewe haina.

Kuna wanaotengeneza viduara na kuweka siagi katikati kisha wanafinya, ni sawa lakini isipofinywa vizuri inapasuka na siagi yote inakimbia. Mi natumia ujuzi wa chapati. Nasukuma donge liwe pana, unene wa chapati mbili, kama linarudi rudi nalipumzisha dakika tano, kisha napaka theluthi mbili ya siagi mpaka pembeni, naviringisha kama vile unavyoviringisha chapati za matabaka, nakata vipande sita kwa uzi, si kisu, kisu kinabana tabaka zote zinashikana. Uzi unaupitisha chini, unavukisha ncha juu, unavuta, kipande kinakatika safi na unaona mizunguko ya kijani ya dania ndani. Vipange kwenye sufuria bapa iliyopakwa mafuta, viwe karibu karibu vigusane, pembeni zinabaki laini. Ndipo unaviacha viumuke.

Oveni 190, dakika 15 hadi 18. Ile theluthi ya siagi iliyobaki unapaka ZIKITOKA, si kabla. Kitunguu saumu kikikaa juu kwa moto wote huo kinaungua kinakuwa chungu, na huo uchungu hauna dawa. Zikitoka moto, paka, inaingia yenyewe, sekunde chache unaona imezama. Kwa wanaoogopa Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, oveni ya wati 2,000 nusu saa ni yuniti moja, tena haiwaki muda wote, ikishapata joto inajizima na kujiwasha. Hata kwa bei kamili ya nyumbani ni chini ya shilingi 1,000, kwa hiyo oka kwa amani.

Na wasio na oveni msiondoke. Wifi yangu yuko Kireka ana sigiri (jiko la makaa) tu na skonzi zake mi nazipenda kuliko za kwangu, sijawahi kumwambia. Anachukua sufuria kubwa nzito, chini anamwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kama vidole viwili, anaipasha moto kwanza mpaka mchanga uwe moto kabisa. Ndani anaweka sufuria ndogo yenye skonzi zilizoumuka. Anafunika na sinia la bati na juu ya sinia anapanga makaa yanayowaka, mengi juu, chini anapunguza yanabaki machache. Watu wengi wanakosea hapo, wanaacha moto mkubwa chini na juu hakuna kitu, skonzi chini zinakuwa makaa na juu zimepauka. Anasubiri kama dakika 25, hafunui funui, anatumia pua. Harufu ya mkate ikigeuka kuwa ya karanga iliyokaangwa, anafunua. Zinapata ngozi ya juu yenye moshi kidogo ambayo oveni ya stima haiwezi kukupa hata ukiibembeleza.

Ladha sasa. Unga ukiwa mzima, ndani inakuwa laini yenye nyuzi, unavuta inakuja kwa tabaka, sio ile ya kuvunjika kama keki. Juu ngozi nyembamba tu. Donge la kugandishwa haliwezi kufikia ule mkate uliokandwa na kulala usiku mzima kwa mtu anayejua kazi, ladha ya ngano yenyewe ni ndogo, ukiila bila siagi utaona ni ya kawaida sana. Lakini nani anaila bila siagi? Hapa kitunguu ndicho bosi, unga ni wa kubeba. Kwetu tunazila na supu, na nawaambia mulokoni (supu ya kwato za ng'ombe) na skonzi za moto za kitunguu saumu ni kitu ambacho sijui kwa nini wenye mabanda ya supu hawajaamka. Na muchomo, yaani nyama choma, pia zinakwenda. Na binyebwa, mchuzi wa karanga, nilijaribu, hapana, vitu viwili vizito vinagombana. Chai ya maziwa na skonzi ya kitunguu saumu mume wangu anakunywa, mi nageuza uso.

Kuzipasha siku ya pili, funga kwenye foili, oveni dakika tano au juu ya sufuria iliyofunikwa moto mdogo. Maikrowevu inazifanya laini dakika moja, ya pili ni mpira. Na ile siagi ya kitunguu ikibaki weka kwenye friji, tumia ndani ya siku tatu nne, au gandisha. Usiiache mezani kwenye kikopo wiki nzima hata kama haijanuka, hasa kama umechanganya na mafuta ya maji, kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta nje ya baridi kinaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, na sumu yake hutaijua kwa harufu wala kwa ladha.

Swali ambalo mtaniuliza, stima ikikatika nyumbani na mfuko uko kwenye friza? Kwanza usifungue mlango, friza iliyojaa inashika baridi siku nzima na zaidi, iliyo nusu tupu muda mfupi zaidi. Ukikuta madonge yamelainika, yasirudi. Oka yote siku hiyo, hata bila kitunguu, skonzi zilizookwa zinagandishwa vizuri kabisa, unga uliochoka ndio hauponi. Nimewahi kuoka mfuko mzima saa nne usiku kwa sababu hiyo, watoto wa jirani walienda shule na skonzi wiki nzima, harufu ya kitunguu darasani ni shida ya mwalimu.

Alama zangu: unga wenyewe nyota 4 kati ya 5, nyota moja nimekata kwa ajili ya mfuko usiofungika na zile dakika 90 zao. Ukiwa na mtoto mchanga, kazi ya ofisi au wageni wa ghafla, weka mfuko mmoja kwenye friza na usahau. Ukiwa na muda wa Jumamosi na mikono yenye nguvu, kanda mwenyewe, utaokoa pesa. Kwa pizza tafuta mwingine au kanda.

Duka ninalonunua mimi siku hizi ni dogo tu, si la kifahari, lina friza moja ya kifuniko cha kioo ya kulala, si ile ya milango ya kusimama. Hizo za kulala baridi inabaki chini hata watu wakifungua fungua, za kusimama kila mlango ukifunguliwa baridi inamwagika miguuni. Muulize mwenye duka mzigo unaingia siku gani, atakwambia bila shida, na uende siku hiyo au kesho yake. Na ukiona ofa, ile ya lipia mmoja uchukue miwili, usifurahi kabla hujatikisa mfuko. Ofa ya juzi niliitikisa mifuko yote iliyokuwemo, hakuna hata mmoja uliogonga, nikamrudishia dada wa kaunta, akacheka akasema, "Nyabo, na wewe umejua."